Shoka Lililobaki Nje ya Maji

Mahubiri ya ibada ya pili, Jumapili kabla ya ubatizo
Maandiko ya kusoma nyumbani: Mathayo 3:1-10; Mathayo 5:21-26; Waebrania 12:14-15

 

Jumapili ijayo, Mungu akitujalia uhai, watu 14 watashuka majini. Darasa la ubatizo limekwisha, mashemasi wameshaangalia mto, kina mama wameshapanga chai. Nawapongeza nyinyi 14. Lakini leo sitaongea na nyinyi peke yenu. Naongea pia na sisi tuliobatizwa zamani, ambao nguo za ubatizo zilikauka siku ile ile na hatujui tena ziko wapi.

Katika Mathayo mlango wa tatu, watu walitoka Yerusalemu na Uyahudi yote kwenda kwa Yohana, Yordani. Umati ni mkubwa. Mhubiri mwingine angefurahi na kuhesabu vichwa. Yohana hakuhesabu. Alipowaona wakubwa wa dini wanakuja kwa ubatizo aliwauliza matunda yako wapi, kisha akawaambia habari ya shoka lililolazwa kwenye shina la mti. Nimekaa na shoka hilo wiki nzima. Yohana anasema Mungu ana shoka. Na mimi nataka kukuuliza kitu kingine: wewe shoka lako liko wapi? Siku ulipoingia majini, uliliweka wapi?

Nitajibu kwa habari za mfalme mmoja wa zamani. Mwalimu wetu wa historia ya kanisa alitufundisha habari zake nilipokuwa chuo cha Biblia, nikaziandika kwenye daftari, nikafaulu mtihani. Ilinichukua miaka mingi kuona kwamba alikuwa ananifundisha habari zangu.

Deni la mwaka mzima

Mfalme huyo aliitwa Clovis. Alikuwa mfalme wa Wafranki, watu ambao nchi ya Ufaransa imepata jina kutoka kwao. Baba yake, Childeric, alipokufa karibu na mwaka 481, Clovis alikuwa kijana wa miaka 15 hivi. Fikiria mtoto wa rika la kidato cha pili anapewa jeshi. Mwaka 486 alimshinda Syagrius, mtawala wa Kirumi aliyekuwa amebaki katika mji wa Soissons, na kuanzia hapo jina lake likaanza kuogopwa.

Aliyetuandikia habari zake nyingi ni askofu Gregory wa Tours, aliyeishi katika karne hiyo ya sita na kuandika baada ya Clovis kufa. Yeye ndiye anayetusimulia habari ya gudulia.

Askari wa Clovis, akiwa bado mpagani, waliiba mali za kanisa, na ndani yake lilikuwamo gudulia kubwa, zuri ajabu. Askofu akatuma watu kumwomba mfalme: kama hatuwezi kupata vyote, tupate hilo gudulia tu. Wakati wa kugawana nyara kule Soissons, Clovis akawaomba wenzake wampe gudulia juu ya fungu lake. Wote wakakubali. Askari mmoja akakataa. Akainua shoka lake akaligonga gudulia, akasema mfalme atapata kile kura itakachompa, si zaidi.

Jeshi zima likashangaa. Clovis hakusema kitu. Alitulia, akachukua gudulia lililogongwa, akamrudishia askofu. Ungekuwa pale ungesema, huyu mtu ana subira, huyu karibu anaokoka.

Mwaka mmoja ukapita. Mfalme akaita jeshi lote gwaride ili akague silaha. Akapita mtu kwa mtu mpaka akamfikia yule askari. Akamwambia silaha zake ndizo chafu kuliko zote. Akamnyang'anya shoka akalitupa chini. Yule mtu alipoinama kuliokota, Clovis akainua shoka lake mwenyewe akampasua kichwa, huku akimkumbusha gudulia la Soissons.

Sikiza vizuri hapo. Kumbe ule utulivu haukuwa subira. Lilikuwa deni linalosubiri siku yake. Wako watu wanyamavu sana humu ndani. Umewakosea, wakatabasamu, wakasema hakuna neno. Na sisi tunawasifu kwa upole. Lakini moyoni wameandika tarehe.

Mfalme aliyelia vitani

Clovis alioa binti wa kifalme wa Waburgundi, jina lake Clotilde, aliyemwamini Kristo. Kina mama mnaoombea waume zenu, huyu dada mngeelewana naye. Alimhubiria mumewe asubuhi na jioni, na mumewe hakutaka. Mtoto wao wa kwanza, Ingomer, alizaliwa, mama akasisitiza abatizwe, na mtoto akafa akiwa bado na nguo nyeupe za ubatizo. Clovis akamlaumu, akasema miungu yake ingemlinda mtoto. Wa pili, Chlodomer, naye akabatizwa, naye akaugua. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mama huyo. Aliomba, na mtoto akapona.

Halafu ikaja vita na watu walioitwa Waalamanni. Ulikuwa mwaka wa 15 wa utawala wake, yaani karibu na 496. Jeshi la Wafranki likaanza kukatwakatwa. Clovis akaita miungu yake, kimya. Ndipo akainua macho mbinguni, machozi yakamtoka, akamwita Yesu ambaye Clotilde alikuwa akimtaja kila siku. Akaweka nadhiri: ukinipa ushindi, nitakuamini na nitabatizwa. Gregory anasema hapo hapo Waalamanni wakaanza kukimbia, na mfalme wao akauawa.

Clotilde akamwita kwa siri askofu Remigius wa Reims amfundishe mfalme. Clovis akasema shida ni moja, watu wangu hawatakubali kuacha miungu yao. Alipoenda kuongea nao, kabla hajafungua kinywa wakapaza sauti kwamba wako tayari. Mungu akitengeneza njia, ametengeneza!

Ilikuwa siku ya Krismasi, Reims. Barabara zilipambwa vitambaa vya rangi, kanisa likawekwa mapazia meupe, mishumaa ikanukia. Mfalme akaenda kwenye kisima cha ubatizo. Remigius akamtaka ainamishe ile shingo yake ya kiburi, avipe mgongo vile alivyokuwa akiviabudu, na avisujudie vile alivyokuwa akivichoma moto. Na nyuma yake wakabatizwa zaidi ya watu 3,000 wa jeshi lake. Ni kama hesabu ya Pentekoste. Ingekuwa ni leo, tungepiga picha, tungeimba mpaka jioni.

Na mimi sisemi Mungu hakumsikia. Mungu wetu husikia mtu akilia shimoni, hata kama jana alikuwa mkaidi. Mimi mwenyewe nimemlilia nikiwa shimoni na akanisikia. Sikuja hapa kukaa kwenye kiti cha hukumu, hicho kina mwenyewe. Nauliza swali la Yohana tu. Matunda?

Majani ya kanisa na shingo ya ndugu

Kwa mambo ya kanisa, Clovis alikuwa mkarimu na mkali. Mwaka 507 alienda kupigana na Alaric, mfalme wa Wavisigothi. Jeshi lilipopita katika eneo la Tours, aliamuru mtu yeyote asiguse kitu pale, kwa heshima ya kanisa la Martin, ila majani na maji tu. Askari mmoja akachukua nyasi kavu za maskini kwa nguvu, akisema si haya pia ni majani. Mfalme aliposikia, akamwua hapo hapo, akisema tutashindaje ikiwa tunamkosea Martin. Na kweli Alaric akashindwa na kuuawa kule Vouillé. Baadaye Clovis na Clotilde walijenga kanisa Paris. Mwaka 511 maaskofu 32 walikutana Orleans kwa mwito wake. Ukimwangalia kwa upande huo, ungempa kiti cha mbele.

Sasa angalia upande wa pili, jinsi Gregory anavyousimulia.

Alikuwapo mfalme mwingine wa Wafranki, jamaa yake, Sigebert wa Cologne. Alikuwa kiwete kwa sababu alijeruhiwa goti akipigana na Waalamanni hao hao. Clovis akamtumia ujumbe mtoto wa Sigebert, aliyeitwa Chloderic: baba yako amezeeka, na ni kiwete, akifa ufalme ni wako na urafiki wangu ni wako. Huyo kijana ndiye aliyeenda kumsaidia Clovis vitani dhidi ya Alaric. Tamaa ikamwingia, akatuma watu wakamwua baba yake akiwa amelala hemani mchana. Kisha Clovis akatuma wajumbe kwa huyo kijana. Alipokuwa ameinama ndani ya sanduku awaonyeshe hazina ya babake, wakampiga shoka. Naye Clovis akasimama mbele ya watu wa Cologne, akasema hajui lolote, yeye hawezi kumwaga damu ya jamaa zake. Wakampigia kelele za shangwe, wakamfanya mfalme.

Umeona pale kijana alipoinama? Yule askari wa gudulia naye alikuwa ameinama. Maji ya ubatizo yamepita katikati, na mtindo ni ule ule.

Akaja Ragnachar wa Cambrai, naye ni jamaa. Clovis aliwanunua watu wake kwa vikuku na mishipi iliyong'aa kama dhahabu, kumbe ilikuwa shaba iliyopakwa dhahabu juu. Wakamleta Ragnachar amefungwa mikono, pamoja na ndugu yake Ricchar. Clovis akamwambia Ragnachar ameaibisha ukoo kwa kukubali kufungwa, akampiga shoka. Akamgeukia ndugu yake, akamlaumu kwamba angemsaidia ndugu yake asingefungwa, akampiga shoka naye. Wale wasaliti walipolalamika kwamba dhahabu ni bandia, akawaambia washukuru kwamba wako hai.

Wapendwa, huyu mtu aliheshimu majani ya kanisa. Shingo ya ndugu yake hakuiheshimu.

Na kuna kitu kinanitisha zaidi. Katikati ya kusimulia hayo mauaji, Gregory, askofu, mtu wa Mungu, anasema Mungu alikuwa akiwaangusha adui za Clovis kila siku kwa kuwa alitembea mbele zake kwa moyo mnyofu. Moyo mnyofu! Mimi ni mchungaji, na hapo najiangalia. Kanisa likipewa, kanisa likilindwa, kanisa likijengewa, tunaweza kuona shoka likidondosha damu na tukasema, huyu ndugu anatembea na Mungu. Bwana atusaidie sisi tunaoshika maikrofoni.

Mwisho wa mambo, Gregory anasema, Clovis alikusanya watu wake akalalamika: ole wangu, nimebaki kama mgeni kati ya wageni, sina jamaa wa kunisaidia taabu ikinijia. Ukisikia hivyo unafikiri ametubu. Hapana. Gregory anasema aliyasema kwa hila, aone kama kuna jamaa mwingine atakayejitokeza ili amwue. Alikufa Paris mwezi wa Novemba mwaka 511, akiwa na miaka 45 hivi. Ufalme mkubwa, ukoo umefyekwa kama shamba.

Hata mama wa maombi

Sasa kina mama msiniangalie kama kwamba leo ni zamu ya wanaume tu. Tumrudie Clotilde.

Huyu dada alikuwa na jeraha. Gregory anasema baba yake aliuawa na ndugu yake mwenyewe, Gundobad, na mama yake akatupwa majini na jiwe shingoni. Alilibeba jambo hilo akiwa anaomba, akiwa anampeleka mumewe kwa Yesu, akiwa anajenga kanisa. Mwaka 523, mjane tayari, anasimuliwa kuwa aliwaita wanawe akawaambia walipize kisasi cha wazazi wake. Gundobad alikuwa ameshakufa. Kwa hiyo kisasi kikamwangukia mwanawe, Sigismund.

Chlodomer, yule mtoto aliyeombewa akapona, ndiye aliyemkamata Sigismund. Akamwua yeye na mkewe na watoto wake, akawatupa kisimani. Mwaka uliofuata, 524, Chlodomer naye akauawa kwenye vita hivyo hivyo. Akaacha wavulana watatu yatima, na bibi yao Clotilde akawachukua kuwalea.

Baba zao, Childebert na Chlothar, wakaogopa kwamba watoto hawa watapewa ufalme. Wakamtumia bibi ujumbe: tuletee watoto tuwatawaze. Bibi akafurahi, akawalisha, akawaaga. Kisha akaletewa mkasi na upanga. Kwa Wafranki, nywele ndefu ndiyo ilikuwa alama ya ukoo wa kifalme. Swali likawa: wajukuu wako wakatwe nywele waishi, au wauawe? Na yule mama, kwa uchungu na hasira, hajui anachosema, akajibu kwamba kama hawatatawala, afadhali awaone wamekufa kuliko kunyolewa.

Mtoto mmoja alikuwa na miaka 10, mwingine 7. Chlothar alimwua mkubwa. Mdogo akamkumbatia Childebert magoti akilia amwokoe. Childebert akalia machozi, akamwomba nduguye amwache. Nduguye akamfokea. Akamsukuma mtoto, naye akauawa. Waliofanya hivyo ni watoto wa tumbo lile lile lililofunga na kuomba.

Mwambie jirani yako: Shoka hurithiwa.

Ndiyo. Shamba utagawa kwa wosia, na ng'ombe utagawa. Lakini kinyongo hakingoji wosia. Mtoto amekaa pale jikoni kama hasikii, wewe unaongea na mama yake juu ya watu wa boma lile, na yeye anapokea urithi wake kidogo kidogo pamoja na ugali.

Nani alipona? Yule wa tatu, Clodoald. Walimficha, hakushikwa. Alipokua hakutafuta jeshi la kudai haki ya baba yake. Alizikata nywele zake kwa mkono wake mwenyewe, akamtumikia Mungu. Mahali fulani karibu na Paris panaitwa Saint-Cloud mpaka leo kwa ajili yake. Katika ukoo ule wote, huyu ndiye ninayemwona akitoka majini mikono mitupu. Mkasi ambao bibi aliuona ni aibu kuliko kifo, mjukuu aliuchukua ukawa wokovu wake.

Kaka yangu

Nilisema habari hizi ni zangu. Wengi wenu hamjui, na mke wangu amenipa ruhusa kusema.

Binti yetu wa kwanza alipokuwa na miaka mitatu alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Usiku wa pili daktari alituambia tujiandae kwa lolote. Nilitoka nje kwenye varanda ya hospitali, nikapiga magoti kwenye simiti, mtu ambaye kanisani nilikuwa naenda Krismasi tu. Nikasema, Yesu, ukiniachia huyu mtoto, mimi ni wako. Asubuhi aliomba uji. Mwezi wa nane nikabatizwa mtoni, watu wakiimba ukingoni.

Lakini wakati huo nilikuwa na kaka. Baba yetu alipokufa, kaka alisogeza jiwe la mpaka hatua nne kuja upande wangu, akakata miti ya mbao ambayo mzee aliniambia ni yangu, akauza. Nilinyamaza. Watu walinisifu, wakasema mdogo ana hekima. Nikaingia majini nikiwa nimenyamaza, nikatoka nikiwa nimenyamaza. Nikawa shemasi, nikawa mzee wa kanisa, naongoza kesha, naombea mataifa. Miaka saba sikumsalimu mtu ambaye moshi wa jikoni kwake nilikuwa nauona kila asubuhi.

Siku moja mwanawe akaja. Alikuwa kidato cha pili, wamemrudisha nyumbani kwa sababu ya karo. Alisimama mlangoni na sare yake akasema, "Shikamoo baba mdogo. Baba hajui kama nimekuja." Pesa nilikuwa nazo, tulikuwa tumeuza maziwa wiki hiyo. Nikafungua Biblia, nikamsomea juu ya mtu kuvuna alichopanda. Nikamwambia ampelekee baba yake hilo neno. Akasema asante, akaenda.

Hakurudi shule. Na mimi usiku huo nililala vizuri. Hapo ndipo ujue nilikuwa mbali kiasi gani.

Nilikuja kushtuka miaka miwili baadaye, nikitayarisha mahubiri ya ubatizo kama haya. Nilitafuta lile daftari la chuo, nikasoma habari ya mtoto aliyeshika magoti ya babake mdogo akilia, naye akamsukuma. Nikaona sare ya shule. Nilikuwa nimemwona Clovis kuwa mtu mbaya sana. Mimi sikuwa na shoka la chuma. Nilitumia Biblia.

Nilienda kwa kaka jioni hiyo hiyo kabla moyo haujabadilika. Shemeji ndiye aliyefungua, akasimama tu mlangoni. Kaka akauliza kutoka ndani, "Umekuja na nani?" Nikasema peke yangu. Alifikiri nimemletea mzee wa kijiji juu ya mpaka. Nikamwambia, "Kaka, nimekuja juu ya kijana. Zile hatua nne kaa nazo." Hakunikumbatia. Alinyamaza muda mrefu, akasema kijana alishaondoka, anaendesha pikipiki ya mtu mjini. Shemeji akaleta chai. Tukainywa.

Nilimtafuta yule kijana. Nilimkuta stejini akingoja abiria. Nilimwomba msamaha, nikamwambia kama anataka kurudi shule au kujifunza kazi, niko tayari. Alinisikiliza akiwa amekaa juu ya pikipiki, hakushuka. Akasema, "Baba mdogo, sawa." Akapata mteja, akaenda.

Hiyo "sawa" bado naibeba. Yesu amenisamehe, najua, damu yake inatosha. Kaka na mimi leo tunakula pamoja, na jiwe liko pale pale alipoliweka. Lakini miaka ya shule ya mtoto yule siwezi kuirudisha. Ndiyo maana naongea na wewe leo, kabla mtoto hajasimama mlangoni kwako.

Kabla ya Jumapili

Katika Mathayo tano Yesu anatuambia jambo gumu kwa mhubiri kulisema, maana linapunguza watu ibadani. Ukiwa umefika madhabahuni na sadaka, ukakumbuka ndugu yako ana neno nawe, acha sadaka hapo, nenda kwanza. Hakusema malizia ibada. Na angalia, hakusema ikiwa wewe una neno naye. Alisema ikiwa yeye ana neno nawe.

Kwa hiyo nyinyi 14, na sisi wote, tuna siku saba. Simu unayo. Njia ya kwenda boma lile unaijua. Pengine utakataliwa. Pengine utaambiwa "sawa" tu. Kama mtu yule alikuumiza kwa namna ambayo si salama kumwendea, njoo kwanza tuongee, kusamehe si kurudi kupigwa. Kama ni kesi ya shamba iko kortini, iache korti ifanye kazi yake, lakini wewe toa salamu. Msamaha haufuti mpaka wala haki. Unalitoa shoka mkononi mwako.

Na Jumapili ukishuka mtoni, shuka na mikono yako miwili. Usibakize mmoja juu.

Tuombe. Bwana Yesu, ulitusikia tulipokulilia vitani na varandani, hata kabla hatujakujua. Tunakushukuru. Leo tunakuletea kile tulichokificha nje ya maji. Unajua jina la mtu tunayemfikiria sasa hivi. Tupe miguu ya kumwendea. Waponye watoto wetu na vile walivyosikia jikoni kwetu. Kwa jina la Yesu, Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Subira ya kweli na deni linalosubiri siku yake hutofautianaje? Mtu atajuaje lipi liko moyoni mwake?
2. Clotilde aliomba kwa uaminifu na bado alibeba kisasi. Ni mambo gani tunayoyabeba ambayo maombi yetu hayajayagusa?
3. Bila kutaja jina mbele ya wengine: ni nani utakayemwendea kabla ya Jumapili?